Maswali yenu kuhusu antibayotiki na kile kipimo cha kuotesha bakteria

Swali: Musawo (daktari), hii antibayotiki ikishaingia mwilini inajuaje iue kijidudu alafu mimi iniache?

Haijui kitu, inashambulia tu vile ambavyo bakteria anavyo na wewe huna. Penisilini na ndugu zake, amoksilini na ampisilini, zinamzuia bakteria asijenge ukuta wake wa nje. Ndani yake kuna presha kubwa, sasa ukuta ukiharibika inakua kama tyubu ya boda kwenye tairi lililochanika, inajitokeza pale penye mchano inavimba weee mpaka inapasuka. Seli zako hazina ukuta wa namna hiyo ndo maana zinabaki salama. Zingine kama azithromaisini, doksisaiklini na jentamaisini zinakwamisha pale anapotengenezea protini, sipro (siprofloksasini) inavuruga DNA yake, na Septrin inamzuia asitengeneze foleti, aina ya vitamini, ambayo yeye lazima ajitengenezee mwenyewe wakati sisi tunaipata kwa chakula.

Swali: Basi hata mafua nimeze?

Hapana. Mafua ni virusi, na virusi havina huo ukuta wala hizo sehemu nilizotaja, dawa itapita bure na bakteria wazuri wa tumboni ndo wataumia.

Swali: Nilitumia amoksilini ya UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) haikusaidia, hospitali wakasema nipime "kalcha na sensitiviti". Si wanipe tu dawa kali zaidi?

Dada yangu, "kali" kwa nani? Dawa inayomaliza bakteria wa jirani yako inaweza isimguse wa kwako. Kuna E. koli, huyo ndo anasababisha UTI nyingi, ambao wanatoa kimeng'enya kinachokatakata amoksilini kabla haijafanya lolote. Na anayezoea dawa sio mwili wako kama watu wanavyosema, ni bakteria, tena wanapeana hizo jeni za usugu wao kwa wao hata kama ni wa aina tofauti.

Sasa hiyo kalcha na sensitiviti, yaani kuotesha bakteria na kuona dawa gani inamuweza, maabara wanafanya hivi. Mkojo wako unapakwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, kesho yake wakiota wanachukuliwa wachache wanakorogwa kwenye maji ya chumvi mpaka ukungu wake ulingane na kipimo maalum, hapo ndo wanapakwa sahani nzima ya agari (ile jeli ya chakula cha bakteria) yenye unene wa kama mm 4 (ikiwa nene kupita hapo majibu yanadanganya, na huo unene ndo watu wengi wanaupuuza). Juu yake vinawekwa vidisiki vya karatasi vya mm 6, kila kimoja na dawa yake, alafu sahani inalala kwenye joto la nyuzi 35 masaa 16 mpaka 18. Dawa inasambaa kutoka kwenye karatasi, ikiwa inamuweza bakteria unaona duara safi hakuna kilichoota, isipomuweza kabisa anaota mpaka kwenye ukingo wa karatasi bila aibu. Ni kitu kilekile alichokiona Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, kule London 1928, bakteria hawaoti karibu na kuvu, tofauti ni kwamba sisi tunachukua rula tunapima.

Swali: Kwenye karatasi yangu sipro ina mm 20 na ampisilini mm 18. Nichukue sipro si ndo kubwa?

Hapo ndo wengi wanateleza, hata wauza dawa. Usilinganishe duara la dawa moja na la nyingine. Kila dawa inasambaa kivyake kwenye agari na ina mpaka wake. Kwa E. koli, jedwali la CLSI, taasisi ya Wamarekani ya viwango vya maabara, linasema ampisilini ikifika mm 17 ni S, yaani bakteria anadhurika nayo, lakini sipro inadai mm 26, na ikiwa 21 kushuka chini ni R, sugu. Kwa hiyo hiyo sipro yako ya 20 imeanguka na ampisilini ya 18 imepita! Soma herufi achana na namba. Ukiona I ni katikati, inaweza kufanya kazi dozi ikipandishwa au pale dawa inapojikusanya kwa wingi kama kwenye mkojo, hilo daktari ndo aamue.

Swali: Kiliniki ya hapa mtaani wananitoboa kidole dakika chache naambiwa nina taifodi. Hiyo si inatosha?

Kama ni Widali, mi siitegemei. Inatafuta askari wa mwili waliotengenezwa kupambana na taifodi, na hao wanaweza kuwa wamebaki toka uliugua zamani, tena haikwambii dawa gani inafaa. Taifodi ipo kweli Uganda, Kampala 2015 ililipuka vibaya, ila kuhakikisha ni damu ioteshwe.

Swali: Nikienda kupima nijiandae vipi?

Nenda kabla hujameza kidonge cha kwanza, manake hata vidonge viwili vya kununua dukani vinaweza kufanya sahani isiote kitu na wewe bado unaumwa. Kama ushameza waambie waandike kwenye fomu ni dawa gani na lini. Mkojo nawa kwanza, wa mwanzo umwage, kinga wa katikati kwenye kopo la maabara na sio chupa ya soda, ufike ndani ya masaa mawili au ukae kwenye friji. Majibu ni siku mbili tatu, damu inaweza kwenda mpaka tano, na ukiwa hoi daktari atakuanzishia dawa palepale akishachukua sampuli alafu ataibadilisha majibu yakitoka.