JOIN ni nini? Kuunganisha majedwali bila kuharibu jumla

JOIN ni amri ya SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata (hifadhi ya data iliyopangwa kwa majedwali), inayokutanisha mistari ya jedwali moja na ya jingine kwa kufuata taarifa iliyopo pande zote mbili. Anayeanza kujifunza kanzidata ili atengeneze ripoti za biashara huizoea upesi, na hapo ndipo hatari ilipo: JOIN iliyokosewa haionyeshi kosa lolote kwenye skrini. Inatoa namba tu, nawe unaipeleka kwa meneja.

Chukua ghala la mahindi Kibaigwa, wilayani Kongwa. Jedwali la wakulima lina namba ya mkulima, jina na kijiji. La mapokezi lina tarehe, kilo na namba ya aliyeleta mzigo. La malipo lina tarehe, shilingi na namba hiyohiyo. Namba ya mkulima ndiyo ufunguo mkuu, yaani kitambulisho cha kila mstari wa jedwali la wakulima, kwa sababu humo haijirudii wala haibadiliki. Jina halifai, maana Pandambili na Hogoro wanaweza kuwapo watu wawili wa jina moja. Simu nayo hubadilishwa, tena pengine hutumiwa na nyumba nzima. Na kilo ziandikwe kilo. Ukiandika "gunia", lumbesa (gunia lililojazwa kupita kiasi) itaingia pamoja na gunia la kilo 100, na hakuna amri itakayozitenganisha baadaye.

Sasa mkulima namba 14 kaleta mzigo mara tatu: kilo 500, 300 na 200. Kalipwa mara mbili: shilingi 400,000 na 200,000. Ukiunganisha majedwali yote matatu kwa mkupuo, kila mstari wa mapokezi hukutana na kila mstari wa malipo, 3 mara 2, unapata mistari 6. SUM (amri ya kujumlisha) ya kilo itasema 2,000 badala ya 1,000. Malipo yatasoma 1,800,000 badala ya 600,000. Wengi hapo hukimbilia SUM(DISTINCT kilo), inayojumlisha kila namba tofauti mara moja tu. Usifanye hivyo: mkulima akileta kilo 300 mara mbili, mzigo mmoja utapotea. Dawa ni kujumlisha kwanza. Mapokezi yapange kwa GROUP BY (amri ya kukusanya mistari kimakundi) namba ya mkulima, malipo vivyo hivyo, ili kila mkulima abaki na mstari mmoja kila upande, ndipo uunganishe.

JOIN ya kawaida pia humwacha nje mkulima ambaye hajalipwa kabisa, na mara nyingi ndiye anayetafutwa. Tumia LEFT JOIN, inayobakisha kila mstari wa jedwali la kwanza, ukianzia jedwali la wakulima. Pasipo na malipo patatokea NULL, yaani pengo lisilo na thamani. COALESCE(shilingi, 0) huigeuza sifuri.

Kwa mazoezi SQLite, programu ya kanzidata, inatosha: ni ya bure, na kanzidata nzima hukaa kwenye faili moja. Ila kwa kawaida huja na ukaguzi wa funguo za nje (namba zinazoelekeza jedwali jingine, kama namba ya mkulima kwenye malipo) ukiwa umezimwa. Kila unapoifungua andika PRAGMA foreign_keys = ON; la sivyo itapokea malipo ya mkulima namba 99 asiyekuwapo, hata kama ulitangaza ufunguo huo. Kabla ya kukabidhi ripoti, hesabu mistari kwa COUNT(*) kabla na baada ya JOIN, halafu linganisha jumla ya kilo na daftari la mizani.