Hawatafuti baba wa mtoto

Likitajwa neno vinasaba, wengi wetu hapa Moshi hatumfikirii daktari. Tunamfikiria Mkemia Mkuu wa Serikali. Tumelizoea kwenye kesi za matunzo: baba kakana, mama kaapa, mtoto kapelekwa kupimwa. Ndiyo maana mgonjwa wa saratani ya mapafu akiombwa kushiriki utafiti wa vinasaba, ndugu hutazamana. Nimewasomea watu fomu za ridhaa kwa miaka kadhaa, na swali hili ni nadra kuulizwa mbele za watu. Mdogo wa mgonjwa mmoja alinifuata hadi kwenye ngazi, akaninong'oneza: "Samahani dada, hapo si mtaanza kusema watoto si wa kaka?"

Hatusemi. Kipimo cha uzazi hulinganisha sampuli ya mtoto na ya anayedaiwa kuwa mzazi, na kina sheria yake ya mwaka 2009. Utafiti wa saratani kwa kawaida hulinganisha vitu viwili vya mtu yuleyule: kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe, na damu au mate yake. Kinachotafutwa ni kilichobadilika ndani ya uvimbe na hakipo sehemu nyingine za mwili. Ila utafiti ukichukua sampuli za wazazi na watoto pamoja, mambo ya uzazi yanaweza kujitokeza. Muulize mtafiti mapema: mkiyaona, mtafanyaje?

Dhana inayoumiza kuliko zote ni nyingine: "Kama ni vinasaba, basi ni ugonjwa wa ukoo." Kwetu, kabla ya posa, wazee huulizia: kule kuna kifafa? Kuna wendawazimu? Sasa saratani nayo iongezwe kwenye orodha, mabinti wa watu wakose wachumba? Hapana, mara nyingi si ya kurithi. Seli inapogawanyika hunakili maandishi yake yote, yaani vinasaba, na mara nyingine hukosea. Kosa likiangukia mahali pabaya, seli huanza kuongezeka bila breki. Mwaka 2007 watafiti wa Japani walieleza mfano mmoja: kipande cha kromosomu ya pili (kromosomu ni kifurushi cha vinasaba) hukatika, kikageuka na kujiunga upya, na jeni iitwayo ALK ikaunganishwa na jirani yake EML4. Ajali hiyo hutokea ndani ya pafu la mtu huyo. Hakuzaliwa nayo, wala mwanawe hairithi.

Wapo wachache ambao kweli wamerithi hitilafu inayoongeza hatari, hasa pale ndugu kadhaa wanapougua saratani wakiwa vijana. Kuwatambua hao ni sababu mojawapo ya kuchukua damu pamoja na kinyama.

"Lakini hakuwahi kuvuta sigara!" Inawezekana kabisa. Shirika la Afya Duniani linasema uvutaji unahusika na takriban asilimia 85 ya saratani za mapafu. Hiyo iliyobaki ina watu wake, na mabadiliko kama ya ALK na ya jeni nyingine, EGFR, huonekana zaidi kwa wasiovuta, ya ALK yakiwapata hasa walio vijana. Utafiti mmoja ulioanzia Marekani mwaka 2014 uliwalenga waliougua kabla ya miaka 40 kwa sababu hiyo. Huku kwetu kijana akikohoa na kukonda, wazo la kwanza ni kifua kikuu, na ni sawa kuanzia hapo. Tatizo ni kuishia hapo, dawa zimekwisha na kikohozi kipo palepale.

Halafu kuna mumiani. Tulitishiwa naye utotoni, na bado yumo. Chupa mbili tatu za maabara zikijaa damu, zote pamoja hazizidi vijiko vichache vya chai. Hata hivyo siwacheki wanaoogopa. Henrietta Lacks, mgonjwa wa saratani, alichukuliwa seli zake huko Baltimore mwaka 1951 bila kuombwa, zikazunguka dunia nzima huku familia yake haijui. Visa kama hicho ni sababu mojawapo ya leo utafiti kuhitaji kibali cha maadili, na sampuli haivuki mpaka bila mkataba unaosema inakwenda wapi na kufanya nini. Una haki ya kuuliza kuhusu kibali hicho. Mtafiti akinuna kwa swali hilo, mwache aende.

Kusaini nako si kujifunga. Unaweza kujitoa wakati wowote na matibabu yako yakaendelea kama kawaida, ingawa matokeo yaliyokwisha kuchanganywa na ya wengine hayatolewi tena.

Tuliporudi wodini na yule mdogo mtu, mgonjwa mwenyewe hakuwa na habari ya mumiani wala ya ukoo. Alitaka kujua kitu kimoja: akishiriki, atapata dawa? Ningeweza kumwambia kuhusu dawa ya crizotinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa wenye ALK, akasaini kwa furaha. Nikamweleza kwamba utafiti wa aina hii ni wa kujifunza, si wa kutibu. Kwamba kujua jina la hitilafu hakuleti dawa yake duka la dawa la hapa. Na kwamba fomu ile, ukurasa wa tatu, ilisema majibu yakiwa na maana kwa matibabu yatapelekwa kwa daktari wake. Akanyamaza kidogo. Akaomba asomewe tena ukurasa wa tatu, polepole, na mdogo wake asikilize.