Kwa nini mipira ya mafuta ya ndege ndogo hubadilishwa kila miaka 5, hata kama ndege hairuki?

Ndege ndogo iliyolala bandani miaka sita na kuruka saa chache tu humvutia mnunuzi haraka. Injini haijachoka, rangi bado inang'aa. Lakini fundi mzoefu akiitwa kuikagua, ataanza na swali ambalo mnunuzi hakulitarajia: mipira ya mafuta, yale mabomba laini yanayopeleka petroli kwenye injini, ilifungwa mwaka gani?

Tunazungumzia ndege nyepesi za michezo, zile ambazo Marekani ilizitungia kanuni zake mwaka 2004, wakati huo zikiwekewa uzito wa kuruka usiozidi kilo 600 kwa zinazotua nchi kavu. Nyingi zinaendeshwa na injini ya Rotax 912, inayotengenezwa Austria. Mtengenezaji huyo anataka mipira ya mafuta ibadilishwe kila baada ya miaka 5, pamoja na mipira ya maji ya kupoza injini, viwambo vya kabureta na pampu ya mafuta yenyewe. Saa za kuruka hazina sauti hapo, kinachohesabiwa ni kalenda.

Sababu imo ndani ya mpira wenyewe. Mpira wa mafuta kwa kawaida una tabaka tatu: la ndani linalogusana na petroli, la nyuzi zilizosukwa ili kuupa nguvu, na ganda la nje. Ili uwe laini na upindike bila kupasuka, kiwandani huchanganywa na vilainishi. Petroli huvifyonza vilainishi hivyo polepole na kuondoka navyo. Maadamu mpira umejaa mafuta, petroli iliyopenya ndani yake huufanya uendelee kuwa mnene. Ndege ikikaa muda mrefu na mafuta yakakauka, mpira husinyaa, hukakamaa na kuanza kupata nyufa. Ndiyo maana kulaza ndege hakuutunzi mpira.

Nje nako kuna maadui wengine. Oksijeni huufanya uwe mgumu, ozoni huupasua hasa pale ulipopindwa, na joto huharakisha yote mawili. Injini inapozimwa, joto chini ya kifuniko chake hupanda kwa muda badala ya kushuka, kwa sababu upepo wa kuipoza umekatika ilhali chuma bado ni cha moto. Tena kuna ethanoli, inayochanganywa kwenye petroli ya magari katika nchi nyingi. Mpira ambao haukutengenezwa kwa ajili yake huvimba, na rubani akirudi kwenye petroli ya ndege unasinyaa tena. Kuvimba na kusinyaa huko kunauchosha.

Wengi huamini kwamba mpira ukichoka utavuja, basi wataona tone na kuubadilisha. Imani hiyo ni ya hatari, kwa sababu dalili si lazima ionekane nje. Tabaka la ndani linaweza kubanduka huku ganda likiwa zima kabisa. Kipande kilichobanduka hufanya kazi kama mlango, kinalala chini injini ikinguruma taratibu na kuinuka mafuta yanapovutwa kwa kasi, yaani wakati ule ule rubani anapopaa. Kwenye ndege ambayo matangi yake yako chini kuliko injini, pampu hunyonya mafuta. Upande huo wa kunyonya, ufa mdogo unaweza usitoe hata tone: unaingiza hewa. Sakafu inabaki kavu, injini inakohoa. Hata ala ya kuzuia moto, ule mfuko wa nyuzi za kioo uliopakwa silikoni, unaoulinda mpira dhidi ya joto na miali, humficha mkaguzi kile anachotakiwa kukiona.

Kwa hiyo mpira hubadilishwa kabla haujalalamika. Lakini kazi yenyewe ina hatari yake, na hapa ndipo ningeomba kila mwenye ndege atulie.

Mpira mpya ukikatwa kwa msumeno au kisu butu, huacha chembe nyeusi ndogo kama punje ya pilipili manga. Ukisukumwa kwa nguvu kwenye mdomo wa bomba la chuma, ukingo wa mdomo unaweza kukwangua utando mwembamba kutoka ndani. Chembe hiyo ikiwa upande wa baada ya chujio, hakuna tena cha kuizuia. Itasafiri hadi kwenye kabureta na kukaa kwenye kiti cha sindano inayofunga mafuta. Sindano isipofunga, bakuli la kabureta hufurika. Chembe ikipita hapo na kuziba jeti, kile kitundu chembamba kinachopitisha mafuta, silinda hukosa mafuta. Rotax 912 ina kabureta mbili, kila moja ikilisha silinda mbili, basi moja ikiharibikiwa injini hutetemeka vibaya na nguvu kupungua.

Dawa yake ni subira. Kata kwa wembe mpya, mkato ulionyooka. Pulizia hewa safi ndani, kisha tazama dhidi ya mwanga kutoka ncha hadi ncha. Mdomo wa chuma ulowanishwe kwa mafuta kidogo ili mpira uteleze. Gundi na vizibio havitakiwi hapo, kwani mabaki yake nayo huishia kwenye kabureta. Klipu ziwe zile zenye mkanda laini upande wa ndani, maana zenye matundu hung'ata mpira na kuukata. Urefu ufuate mpira wa zamani: mfupi mno utavutwa na mtetemo, mrefu mno utajikunja au kuegemea ekzosi, na petroli iliyochemka humo hugeuka mvuke unaozuia mafuta kupita. Ni vizuri kutoa mpira mmoja na kurudisha mmoja, au kupiga picha kwanza, ili njia ya kwenda kwenye injini isije ikabadilishana na ile ya kurudi tangini.

Baada ya kufunga, mafuta yapimwe kabla injini haijawashwa. Mpira hufunguliwa kwenye kabureta, mafuta yakaelekezwa kwenye chombo kwa dakika kadhaa. Kipimo kinachotumika sana kinataka mfumo wa pampu utoe asilimia 125 ya mafuta ambayo injini hutumia wakati wa kupaa, na mfumo wa mteremko, ambamo mafuta hushuka yenyewe kutoka tangini, asilimia 150. Rotax 912 ya nguvu farasi 100 hutumia karibu lita 27 kwa saa ikipaa, hivyo pampu inatakiwa kujaza zaidi kidogo ya nusu lita kwa dakika. Ikishindwa, ndege haitoki.

Kisha injini huwashwa chini, kifuniko kikiwa wazi na kizimamoto kikiwa karibu, na kila maungio hukaguliwa baada ya injini kuzimwa. Safari ya kwanza iwe fupi, juu ya uwanja. Baada ya hapo mabakuli ya kabureta yafunguliwe tena, na kama kuna hata chembe moja nyeusi chini yake, itafutwe ilikotoka kabla ya kuruka mara ya pili.