Je, wajua? Kifaru cha plastiki kinawezaje kusimulia stori ya vita

"Anko, si ulishakipaka rangi kikapendeza kabisa, mbona unakichafua tena?"

Swali la mtoto wa dada yangu hilo, kasimama nyuma yangu anatafuna muhogo wa kukaanga, mimi nimeshika kibrashi chembamba nachota tope la bandia napaka kwenye magurudumu ya kifaru (cha vita, siyo mnyama) ambacho siku 3 kabla nilikimaliza kikang'aa kama kimetoka kiwandani muda huo huo. Na aisee kauliza la maana kuliko anavyodhani, maana tofauti ya modeli na dayorama iko hapo hapo kwenye uchafu.

Modeli ni kifaru peke yake juu ya kabati. Dayorama ni kifaru na ardhi yake, ukuta uliobomoka, ndoo, kuku, wanajeshi wawili watatu, vyote juu ya kaubao kamoja, na ukikatazama unajua kabisa kuna jambo limetoka kutokea au linataka kutokea. Sasa inawezekanaje, na wakati hakuna kinachotembea pale, hakuna sauti, hakuna hata maandishi? Mimi jibu langu ni moja tu: saa. Fundi lazima ajue pale ubaoni ni saa ngapi, dakika tano nyuma kulikuwa na nini, dakika tano mbele kutakuwa na nini, halafu anaacha ushahidi. Ni kazi ya mpelelezi iliyogeuzwa kinyume, yeye anakuta alama anatafuta tukio, sisi tukio tunalo tunatafuta alama za kuacha.

Hata hilo neno dayorama lenyewe lilizaliwa kwenye mambo ya muda. Mwaka 1822 pale Paris, Louis Daguerre (huyu huyu aliyekuja kuwa maarufu kwa mambo ya kupiga picha) na mwenzake Bouton walifungua jumba wakaliita Diorama, ndani kuna turubai kubwa mno zilizochorwa, mwanga unapitishwa kwa mbele na kwa nyuma kwa ujanja wa madirisha na mapazia, watu wamekaa wanaona mchana unageuka usiku mbele ya macho yao. Siku hizi neno limehamia kwenye vitu vidogo visivyobadilika, kwa hiyo ule muda uliokuwa unapita inabidi sasa tuusingizie kwa rangi.

Tuongee kipimo kidogo maana bila hicho mengine hayataeleweka. Vifaru vingi vya modeli ni skeli ya 1/35, yaani kitu cha kweli kimepunguzwa mara 35. Kwa nini 35 na siyo 30 au 40? Ungetegemea jibu la kisayansi, hamna. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilitoa kifaru cha Kijerumani aina ya Panther kinachotembea kwa mota, wakaupima mwili wake utoshe kubeba hiyo mota na betri zake, baadaye kupiga hesabu wakakuta imeangukia kama 1/35, basi wakaendelea nayo kwenye vifaru vingine na wenzao wakafuata. Betri ndiyo iliyoamua, mambo yenyewe ndiyo hayo.

Kwa kipimo hicho mwanajeshi wa mita 1.75 anabaki sentimita 5. Panther ya tani 45 inalala kwenye viganja viwili. Tope la unene wa sentimita 3 linakuwa halifiki hata milimita 1. Na hapa ndipo nilipoumbuka mimi, dayorama yangu ya kwanza nilikuwa nataka ufukwe, nikaenda nikachota mchanga wa baharini wa kweli, nikaumwaga juu ya gundi, nikajiona fundi. Haya piga hesabu: punje ya mchanga ya milimita 1, kwa skeli ya 35, ni jiwe la sentimita 3 na nusu. Kokoto hiyo. Ufukwe wangu ukawa saiti ya ujenzi na wanajeshi wangu wanaonekana wamekuja kumwaga zege. Tangu hapo vitu vyangu vingi natoa jikoni, majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa ukiyaanika yakakauka vizuri yanakaa kama takataka za chini ya mti kabisa, na wenzetu wa Ulaya wana mbegu za mti unaoitwa birch, kagamba kake kana umbo la jani, wanazimwaga tu ardhi ikawa msitu wa vuli.

Sasa turudi kwenye uchafu, swali la mpwa wangu. Uchafu siyo kupaka kahawia kila mahali, huo ni uvivu. Tope bichi ni jeusi na linang'aa, likikauka linapauka kama vumbi la unga. Ukiweka tope lililopauka juu kwenye ubavu, halafu bichi chini kwenye magurudumu, umeshamwambia mtazamaji bila kufungua mdomo kwamba hiki chombo jana kilipita matopeni, kikakaa juani, na leo asubuhi kimeingia tena. Rangi inachubuka wapi? Pale wanapokanyaga kila siku wakipanda kwenda kwenye mfuniko, siyo popote. Kwenye kifuniko cha mafuta kuna michirizi maana kuna mtu alijaza haraka haraka akamwaga. Nyuma kwenye ekzosi kuna masizi na kutu. Kila doa lina mtu wake na saa yake.

Na hiyo rangi iliyochubuka inatengenezwa hivi, mimi nilipoona mara ya kwanza nilicheka. Unapaka kwanza rangi ya kutu, ikikauka unapuliza juu yake spreyi ya nywele, ile ile ya saluni, halafu ndiyo unapaka rangi ya kifaru yenyewe, iwe ya maji. Ikishika unalowesha brashi kwa maji unasugua taratibu, ile spreyi iliyojificha katikati inalainika, rangi ya juu inabanduka vipande vipande na kutu inachungulia kwa chini. Hujachora kutu, umeibandua rangi kama ambavyo ingebanduka kweli, ndiyo maana jicho linakubali. Usisugue kwa hasira lakini, nishawahi kubakiwa na kifaru cha kutu kitupu.

Halafu kuna shida moja watu hawaifikirii, mwanga haupunguziki. Kifaru unaweza kukigawa mara 35 ila jua na taa ya sebuleni ni zile zile, kwa hiyo vibolti vidogo havitoi kivuli cha kutosha na modeli inaonekana kama mdoli wa dukani. Ndiyo tunavichora vivuli wenyewe. Unazimua rangi ya mafuta ya kahawia nzito kwa tapentaini mpaka iwe kama chai ya rangi, unagusisha ncha ya brashi pembeni ya bolti, ukishagusa tu inakimbia yenyewe inazunguka bolti inafuata ufa hadi mwisho. Mimi hii ndiyo raha yangu, naweza kukaa saa 2 nagusa bolti moja moja na chai inapoa pembeni.

Uzito nao. Hii plastiki ni nyepesi tu na inatakiwa ionekane tani 45. Kinachoharibu ni kitu kidogo sana, gurudumu moja likiwa juu ya ardhi kwa unene wa karatasi tu mtazamaji hatajua kosa ni nini ila ataona kabisa kifaru kinaelea. Dawa yake ni kukikandamiza wakati plasta ya ardhi bado mbichi, izame, ijiachie alama. Na minyororo ya Panther ya kweli inalegea, inalalia magurudumu kwa juu, sasa ile ya mpira inayokuja kwenye boksi inavutika ikanyooka kama kamba ya kuanikia nguo, inabidi uibane chini kwa gundi kidogo kidogo.

Watu ndiyo pagumu zaidi. Kuna Mmarekani wa Chicago anaitwa Shepard Paine, alifariki 2015, miaka ya 1970 kampuni ya Monogram ilikuwa inaweka ndani ya maboksi yake kikaratasi chenye picha za dayorama alizotengeneza yeye na maelezo ya alivyofanya, yaani umenunua kifaru tu, unafungua boksi unakutana na dunia nzima. Watu wengi wa rika lile waliambukizwa hapo. Halafu kuna François Verlinden, Mbelgiji, yeye mtindo wake ni kujaza, maboksi, matairi, mapipa, chupa, mabango ukutani, kila kona kuna kitu. Mafundi wakubwa wote wawili ila mimi niseme ukweli ule ujazaji tukiufanya sisi wa kawaida ubao unakuwa kama sebule ya mtu anayehama, jicho halijui likae wapi.

Kinachoniongoza mimi ni macho ya wanajeshi wenyewe. Weka watatu wameinamia ramani juu ya boneti, wote wanaitazama. Sawa, ni wanajeshi wanasoma ramani, basi. Sasa chukua wa nne, mkate shingo kwa wembe umgeuze kichwa kidogo tu, aangalie kichochoro upande wa kulia ambako hujaweka chochote. Hapo hapo kila anayekuja kuangalia anainama achungulie kile kichochoro! Nimeshuhudia, hata mama watoto aliinama, na yeye haya mambo anayaita ya watoto. Hakuna kitu kule, kuna dakika tano zijazo tu.

Na msidhani hii saa ya ubaoni ni jambo dogo, kuna mtu imemtia matatizoni na serikali kabisa. Afisa wa jeshi la Uingereza, William Siborne, mwaka 1830 alipewa kazi ya kutengeneza modeli ya vita vya Waterloo, ile ya 18 Juni 1815 aliyoshindwa Napoleon. Jamaa hakufanya mchezo, alihamia kwenye nyumba ya shamba iliyokuwa katikati ya uwanja wa vita akakaa miezi 8 anapima mabonde na vilima, halafu akawaandikia barua maafisa waliopigana akiwauliza ulisimama wapi, adui mbele yako alikuwa amejipangaje, kama saa 1 jioni. Akachagua saa hiyo moja maana ndipo vita vilipogeuka. Majibu yakaja kwa mamia, akasimamisha askari wa madini kama 75,000, kila mmoja mdogo kama ncha ya kidole.

Tatizo ni hivi, ukishasema ni saa 1 jioni huwezi tena kupindisha pindisha, kila mtu lazima awe mahali. Na barua zilikuwa zinaonyesha kwamba saa hiyo jeshi la Prussia (Wajerumani, washirika wa Waingereza) lilishafika, tena kwa wingi, limeshambana Napoleon ubavuni. Mkuu aliyeongoza upande wa Waingereza, Wellington, hakuipenda hiyo, sifa ilikuwa inagawanywa. Kwenye kitabu mtu anaweza kuandika "baadaye Waprussia wakafika" mambo yakaisha, ila mezani hakuna neno baadaye, ama wapo ama hawapo. Hela za serikali zilikuwa zimeshakatwa tangu 1833, Siborne akaendelea kwa madeni, ikaonyeshwa London 1838 watu kama 100,000 wakaenda kuiona na bado madeni hayakuisha, mwishowe akakubali kupunguza baadhi ya Waprussia mezani. Modeli iko National Army Museum pale London mpaka leo. Nikiwaza huyu baba anawang'oa askari mmoja mmoja na alishajua kabisa walikuwepo, roho inaniuma.

Mpwa wangu kauliza sasa yetu iko wapi, mbona vyote vya Wazungu. Nikamwambia ninayo moja kichwani, Tanga, mchana wa tarehe 4 Novemba 1914. Waingereza walishusha kikosi cha watu kama 8,000 kutoka India wakakutana na askari kama 1,000 wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na walioshuka ndio waliopigwa, na katikati ya risasi makundi ya nyuki yakavurugwa yakatoka kushambulia watu, mpaka wengine wanaviita vita vya nyuki. Kwenye Kiswahili raha yake ni kwamba mzinga ni mzinga, wa nyuki na wa kufyatulia, jina la dayorama limeshajiandikia.

Ila nyuki wa sentimita 1 na nusu kwa skeli ya 35 ni kadoti ka milimita 0.4. Hata nikiweka 50 utadhani ni vumbi nimeshindwa kufuta. Kwa hiyo siweki hata mmoja. Naweka bunduki zimetupwa chini, na hakuna askari aliyejeruhiwa karibu yake. Kofia ngumu moja imebiringika njiani. Mwanajeshi wa kilemba amejifunika uso kwa mikono yote miwili, na mwenzake anakimbia ila hakimbii kurudi baharini wala kwenda mbele kwa adui, anakimbia ubavuni tu, kokote. Mtazamaji ajiulize mwenyewe huyu anakimbia nini.

Kilichonikwamisha ni mnazi. Nataka minazi miwili, na mnazi wa mita 15 kwa skeli yetu ni sentimita 43, haingii kwenye kabati, na mama watoto kashasema juu ya friji hapawekwi kitu.