Maji ya tangi la matumbawe: yanayosemwa Dodoma na ukweli wake

Mtu wa Dodoma akisikia nafuga matumbawe sebuleni, huuliza kwanza: bahari umeitoa wapi? Swali la haki. Dar es Salaam iko kilomita 450 hivi kwa barabara, na mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Lakini maji ya bahari yanatengenezeka kwa chumvi maalumu, gramu 35 kwa kila kilo ya maji, na hilo wengi wanalimudu. Kinachotushinda ni mwendo wa maji. Matangi niliyoitwa kuyaangalia, kuanzia Kisasa hadi Area C, mengi yalikuwa na chumvi sahihi na taa nzuri, ila maji yake yalikuwa yamekaa kama ya mtungini.

Dhana: "Usiku zima pampu, samaki nao wapumzike"

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayoua, na niliwahi kuifuata mwenyewe. Aliyeniuzia tangi langu la kwanza, la lita 300, alinishauri nizime kila kitu saa nne usiku ili LUKU isiishe haraka. Wiki ya kwanza hakukuwa na neno. Wiki ya pili, asubuhi moja, nikakuta samaki wawili wamelala ubavu juu ya mchanga, wengine wako juu kabisa wanahema, midomo inagusa hewa. Tumbawe laini ambalo jana yake lilichanua kama kiganja lilikuwa limejikunja na kutoa ute.

Sababu ni hii. Tumbawe ni mnyama, lakini ndani ya nyama yake unaishi mwani mdogo sana ambao mchana hutumia mwanga kutengeneza sukari na oksijeni. Taa ikizimwa, kazi hiyo inasimama, ila kila kiumbe tangini kinaendelea kupumua: samaki, tumbawe, mwani wenyewe, hata bakteria wa kwenye mawe. Oksijeni hupungua usiku kucha na hufika chini kabisa karibu na alfajiri. Wakati huo hakuna pa kuipata ila hewani, kupitia uso wa maji unaotikiswa.

Na hapa kwetu hewa yenyewe ni nyepesi. Kwa mwinuko wetu, kanieneo ya hewa imepungua kwa takriban asilimia 12 ukilinganisha na pwani. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 yanaweza kubeba kama miligramu 6.6 za oksijeni kwa lita yakiwa Mafia au Tanga; hapa Dodoma ni karibu 5.8. Kwa hiyo ushauri unaomfaa mtu wa Masaki haumtoshi mtu wa Ilazo.

Kuhusu LUKU, piga hesabu. Pampu ya propela ya wati 10 ikizunguka kwa muda wa saa nane kila usiku, kwa mwezi haifiki uniti mbili na nusu. Samaki mmoja ana thamani kuliko hizo.

Dhana: "Mapovu ndiyo oksijeni"

Mapovu husaidia zaidi kwa kuyapandisha maji ya chini na kuuvuruga uso; yenyewe yanapopita huachia oksijeni kidogo tu. Katika maji ya chumvi yana gharama yake: yanapasuka juu na kurusha matone, chumvi inaganda kwenye taa, kwenye kioo na kwenye soketi. (Waya wa kila kifaa uning'inie chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili tone likiteremka lidondokee sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.) Pampu ndogo iliyoelekezwa juu kidogo hadi uso wa maji uchezecheze inafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Hata hivyo usitupe mashine yako ya mapovu. Tafuta ya betri uiweke tayari, maana umeme ukikatika saa saba usiku, hiyo ndiyo itakayokesha na samaki badala yako.

Dhana: "Chukua pampu yenye nguvu kuliko zote"

Jirani yangu mmoja alinunua pampu ya kutoa maji mengi kwa tundu dogo, akaielekeza kwenye tumbawe lake gumu analolipenda. Baada ya siku kumi akaniita: "Kaka, mbona linachubuka upande mmoja tu?" Nilipoinama nikaona. Upande wa pampu nyama ilikuwa imetoka, mfupa mweupe uko wazi kama chaki. Upande wa pili kulikuwa na vumbi la uchafu na uteute mwekundu umetanda. Tumbawe hilohilo moja, huku likipigwa mno na kule likikosa maji kabisa.

Kwenye ngozi ya tumbawe huwa kuna tabaka jembamba la maji yasiyosogea. Oksijeni na chakula vinaingia kwa kulipenya tabaka hilo, na taka zinatoka kwa njia hiyohiyo. Maji yakitembea, tabaka linakuwa jembamba na tumbawe linapumua. Yakisimama linanenepa, na mnyama asiyeweza kuhama anabaki na taka zake. Hiyo ndiyo sababu ya kuhitaji mwendo. Lakini mshale mmoja wa maji unaopiga sehemu moja saa 24 haufanani na kitu chochote kinachotokea kwenye mwamba wa bahari. Pwani maji hujaa kwa saa kama sita, kisha hupwa kwa saa kama sita, na juu ya hayo kuna wimbi linalokwenda na kurudi kila baada ya sekunde chache. Tumbawe limezoea kupigwa huku, kisha kule.

Kwa hiyo hesabu ya lita kwa saa ni mwanzo tu. Tangi la lita 300 lenye matumbawe laini linaridhika na maji kuzungushwa mara 10 hadi 20 kwa saa; yale magumu yenye matawi hutaka mara 30 au 40. Zitoe lita hizo kwa pampu mbili za propela zinazotazamana, ambazo husukuma maji kwa upana, na ziweke taima zipokezane. Kwa taima za kawaida, pampu zikipokezana kila baada ya saa sita, umelipatia tangi lako kujaa na kupwa kwake. Ukitaka kujua kama zimefaa, dondosha chembe za chakula uzifuate kwa macho: zikienda njia ileile kila mara, badili pembe.

Dhana: "Wimbi ni lile linaloonekana juu"

Hapa wengi huhangaika kufanya maji yapande na kushuka kwenye kingo za tangi. Inawezekana. Maji ya tangi la urefu wa sentimita 120, kina chake kikiwa sentimita 50, huyumba yenyewe kwa mpigo wa sekunde 1.3 hivi; pampu ikiwaka na kuzima kwa mpigo huo, maji yanabembea. Lakini tazama vizuri. Kwenye ncha maji yanapanda na kushuka tu. Katikati, ambako uso hausogei karibu kabisa, ndiko maji ya chini yanakokwenda na kurudi kwa kasi zaidi. Matumbawe yapangwe hapo. Tena mwambie fundi aliyekuundia stendi aikaze, maana kilo 300 zinazobembea si mchezo.

Dhana: "Mawimbi ni ya wenye hela"

Bruce Carlson, aliyekuwa Waikiki Aquarium, nyumba ya maonyesho ya samaki kule Honolulu, Hawaii, ndiye ambaye jina lake limepewa chombo rahisi cha kutengeneza wimbi nikipendacho kuliko vyote, na fundi bomba yeyote wa Majengo anaweza kukiunda. Ndoo ya lita 20 inakaa juu ya tangi. Pampu ndogo ya lita 600 kwa saa inaijaza kwa dakika mbili. Ndani kuna bomba pana lililopinda kama mpini wa mwavuli. Maji yakivuka pindo, bomba linaanza kunyonya na ndoo yote inamwagika kwa mpigo mmoja, kisha hewa inaingia na kujaza kunaanza upya. Samaki wangu hulikimbilia wimbi hilo, wala hawachoki nalo. Acha tu nafasi juu: lita 20 huinua maji ya tangi lenye sentimita 120 kwa 50 kwa sentimita 3.3.

Mwendo wote huu, pamoja na kiangazi chetu kikavu, hukausha maji haraka. Yanayoondoka ni maji tu, chumvi inabaki. Weka alama ya utepe kwenye kioo, na kila asubuhi jazia maji yaliyochujwa hadi hapo, yasiyo na chumvi.