Maswali na majibu: uzee wa Waaborijini wa Australia

Kwa nini Mwaborijini, yaani mwenyeji wa asili wa Australia, huhesabiwa mzee akiwa na miaka 50, wakati Waaustralia wengine husubiri 65?

Kwa sababu maradhi ya figo, moyo na kisukari huwawahi. Kwa takwimu za 2020–2022, mtoto wa kiume wa jamii za asili alitarajiwa kuishi miaka 71.9, karibu miaka tisa pungufu ya wenzake. Ndiyo maana huduma za kuwatunza wazee huwafungukia mapema. Pensheni, hata hivyo, inaanza miaka 67 kwa wote, na hilo kwangu si haki.

Mzee akianza kusahausahau, anapimwaje?

Kipimo kilichozoeleka humuuliza tarehe ya leo, humtaka atoe 7 kwenye 100 mfululizo, aandike sentensi, anakili mchoro. Bibi wa Kimberley, kaskazini-magharibi ya nchi, ambaye hakusoma na ana lugha yake, ataanguka hapo hata akili yake ikiwa timamu.

Watafiti wakaketi na jamii za huko, na mwaka 2006 kikachapishwa kipimo kiitwacho KICA. Bibi huwekewa kitana, kikombe na kiberiti. Hiki kinaitwaje? Kisha vinafichwa huku akiona, na baadaye anaulizwa kila kimoja kiko wapi. Haulizwi tarehe, anaulizwa haya ni majira gani ya mwaka. Anapewa dakika moja ataje wanyama wanaowindwa, na hapo wengine humshinda hata mpimaji!

Kilionyesha nini?

Kwamba kati ya wenyeji wa Kimberley wa miaka 45 na zaidi, asilimia 12.4 walikuwa na demensia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kama mara tano ya kiwango cha Australia kwa jumla. Mgonjwa asiyeonekana kwenye hesabu hatengewi muuguzi wala fedha.

Mbona wengine wanakataa katakata nyumba za wazee?

Hadi miaka ya 1970 serikali iliwanyang'anya wazazi watoto wengi wa Kiaborijini na kuwalea kwenye taasisi. Aliyechukuliwa mdogo miaka ya 1960 ndiye mzee wa leo. Kumwonyesha bweni lenye vitanda mstarini ni kumrudisha kule. Kabla ya fomu yoyote, mhudumu amuulize: angependa ndugu gani awepo, na anataka kuzeekea kwenye ardhi ipi?