Kodi ya kichwa Natal na vita ya Bambatha 1906

Kodi ya kichwa ni ile unayotozwa kwa sababu tu upo hai na ni mtu mzima, hawaangalii una ng'ombe wala shamba, maskini na tajiri wanalipa sawa. Usiichanganye na kodi ya kibanda, ile inahesabu nyumba. Natal (upande wa Durban, Afrika Kusini ya leo) Waafrika walishakuwa wanalipa ya kibanda toka 1849, mwanzo shilingi 7, baadae 14.

Sasa 1905 serikali ya walowezi haina hela baada ya vita ya Waingereza na Makaburu, wakapitisha sheria kila mwanaume kuanzia miaka 18 alipe pauni 1, asamehewe anayelipa ya kibanda. Kwenye karatasi iliwahusu hata wazungu ila mzigo uliangukia vijana ambao hawajaoa, na hao vijana ndo mishahara yao ilikuwa inawasaidia baba zao kulipa ya kibanda, yani familia moja inakamuliwa mara mbili. Pauni kijijini utaitoa wapi, ng'ombe walishakufa kwa sotoka mwaka 1897, kwa hiyo kijana aende migodini au kwenye shamba la mlowezi, na kwangu hilo ndo lilikuwa kubwa kuliko hela yenyewe, walitaka vibarua.

Januari 1906 wakaanza kukusanya. Februari polisi wawili wazungu wakauawa karibu na Richmond, ikatangazwa sheria ya kijeshi, Aprili watu 12 wakapigwa risasi kwa kesi hiyo. Bambatha kaMancinza, chifu wa Wazondi (ukoo wa Wazulu) karibu na Greytown, alikuwa kavuliwa uchifu maana vijana wake waligoma kulipa, akaingia msitu wa Nkandla kupigana na serikali, na mzee Sigananda, chifu wa huko, akaungana nae. Waganga waliwahakikishia risasi hazitawadhuru, na ni kipindi kilekile watu wa kusini mwa Tanzania ya leo wanapigana Majimaji kwa imani ya namna hiyohiyo. Juni 10 alfajiri Bambatha na watu wake wakazingirwa na askari wa serikali kwenye korongo la Mome, mizinga na bunduki za rashasha ziko juu wao wako chini hawana pa kutokea, inauma sana.

Vita nzima Wazulu waliouawa ni kati ya 3,000 na 4,000, wazungu chini ya 40. Maelfu wakafungwa na kuchapwa viboko. Hata Dinuzulu, mtoto wa mfalme Cetshwayo, ambaye hakuongoza vita, 1909 akahukumiwa miaka 4 kwa uhaini, na moja ya makosa yake ni kumpa hifadhi mke wa Bambatha na watoto.